Nyuzi Nne za Mwanangu Kifungo

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Mwanangu Kifungo ameitwa kujaribiwa kwenye bendi. Si bendi ya mchezo. Ile ya ukumbi wa juu ya duka la samani, yenye taa za rangi na makoti ya zambarau. Makoti nashona mimi.

Mpiga gitaa lao la besi ameondoka. Kaoa mbali, na mke hataki kelele. Leo kiongozi wa bendi alikuja kupimwa koti jipya. Nikamshika hapohapo. Pini kwapani, pini mgongoni, aende wapi? Nikampa habari za mwanangu tangu alipoanza kutambaa. Akasema sawa mama, aje Jumamosi, ila kwanza nitoe pini.

Kifungo ni jina la nyumbani. Alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi duka la dawa, ila mwili haukuongezeka sana. Lakini vidole! Vinatembea kama sindano ya cherehani. Taabu moja tu: hana besi yake. Aliyokuwa akiazima, mwenyewe kaitaka. Akiba tunayo. Ni kuchagua tu, na kuchagua ndiyo kazi yangu.

Nikaenda kumwambia wifi yangu. Si kujivuna. Nilikuwa napita tu, ingawa kwake si njiani. Mwanawe anapiga gitaa la solo. Wifi akauliza hiyo besi ina nyuzi ngapi. Nikasema nne. Akacheka mpaka akashika mlango. La mwanawe lina sita! Akauliza hizo mbili zilizobaki tumeanikia nguo?

Nimerudi nyumbani kifua kinawaka.

Jumanne, 5 Machi

Tumekwenda duka la ala za muziki. Mwenye duka tunamwita Babu Waya. Mwembamba, ana wasiwasi, na huyasemesha magitaa kama mtu na kuku wake.

Kumbe besi hazifanani! Moja ina mwili mpana na sauti nene ya namna moja, kama baba mkwe akikohoa. Nyingine ina pembe mbili, inanguruma na kukwaruza. Nyingine tumbo lake tupu, ukigonga inaitika. Kuna ya nyuzi tano. Kuna ya nyuzi sita, shingo pana kama meza yangu ya kukatia. Nikazikagua kama ninavyokagua kitambaa. Nikageuza nyuma, nikanusa, nikakwaruza rangi kwa ukucha. Babu Waya akaniomba kwa adabu nisikwaruze.

Nikasema tunachukua ya sita. Kifungo akaivaa. Akapotea nyuma yake! Vidole havikufika ng'ambo ya shingo. Babu Waya akaniambia nyuzi si vifungo vya koti, kwamba zikizidi ndiyo heshima. Hajui makoti, huyo.

Na mwanangu akachagua nini? Kafupi, nyuzi nne, rangi ya chai iliyopoa. Akakumbatia, akafumba macho, akapiga. Mimi sikusikia kitu, nilihisi tu kwenye nyayo. Akasema mama, hii hii. Nikatazama pembeni kwa aibu.

Hapo pembeni nikaona nyingine. Shingo yake laini kabisa! Haina vile vyuma vyembamba vinavyopanda shingoni kama ngazi. Nikauliza vyuma vimekwenda wapi. Babu Waya akasema ile ni ya mabingwa. Vyuma humsaidia mpigaji asikosee sauti, bingwa hutumia sikio. Masikio mwanangu anayo, makubwa, ya baba yake. Lakini ile ina mwenyewe, imekuja kutengenezwa tu.

Tumepewa ile ya rangi ya chai, tuijaribu nyumbani mpaka Ijumaa. Nimeibeba nikiwa nimeifunika kanga.

Jumatano, 6 Machi

Wifi kaja. Kasema anapita tu. Kwetu si njiani.

Akaitazama besi, akauliza kama tumeifua kwa maji ya moto ikanywea. Nikacheka kwa meno tu. Alipoondoka nikaibeba mbio mpaka kwa Babu Waya. Nikamwambia Kifungo kabadili mawazo, anataka ya nyuzi tano, ya shingo ndefu. Akaniangalia sana. Nikamwangalia zaidi. Akanipa.

Kifungo kurudi kutoka kazini, kaikuta kitandani. Akaivaa, akajinyoosha kama mtu anayetoa sufuria juu ya kabati. Akapiga, akakosea, akapiga. Mwisho akaenda kuloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu.

Baba Kifungo anafanya kazi ghala la saruji, na maneno huyatumia kama anayanunua. Lakini leo katoa sentensi nzima. Kasema Mama Kifungo, mrudishie mtoto kitu chake.

Nimesema nitarudisha. Sikusema nimeshindwa.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi nimeirudisha ndefu, nimeichukua fupi. Babu Waya kauliza kama Kifungo kabadili mawazo tena. Nikasema vijana wa siku hizi, babu, we acha tu.

Halafu nikakaa nayo mezani, peke yangu, Kifungo yuko kazini. Nikaitazama vizuri kwa jicho la fundi. Na hapo likanijia! Vile vyuma vinamshika mkono anayejifunza. Si ndiyo mshono wa kushikizia? Sisi nguo ikishaiva tunautoa. Nani anavaa koti na nyuzi za kushikizia zinaning'inia? Kumbe mabingwa hawana besi tofauti. Wameimalizia tu!

Nikachukua koleo la Baba Kifungo. Cha kwanza kiligoma. Cha pili kikatoka kama jino la maziwa. Baadaye mkono ulizoea, nikawa naimba. Vyote nimeviweka kwenye kopo la vifungo. Mifereji iliyobaki nimeisugulia mshumaa, kama ninavyosugua zipu. Shingo laini! Bingwa! Nikaisimamisha sebuleni, nikaiwekea kitambaa cha mezani chini.

Kifungo kafika. Nikamwambia afumbe macho. Akafumba. Akafumbua.

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliketi tu, akapitisha kidole shingoni, juu na chini. Halafu akasema taratibu, mama, haya ni majaribio yangu. Si ya wifi yako.

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ijumaa, 8 Machi

Babu Waya alipoiona aliketi chini. Kwenye sakafu! Akaipakata. Akaniuliza nimetumia nini. Nikasema koleo. Akafumba macho. Nikasema na mshumaa. Akaomba maji.

Hukumu: tumeinunua, hakuna mjadala. Vyuma kurudishwa ni kazi ya siku nyingi. Kesho ndiyo majaribio. Kifungo akauliza, je, ile ya nyuzi tano? Nikamwona anajipapasa bega. Moyo ukanikatika. Akasema afadhali abaki na hii hii, hata kama ni kiwete.

Babu Waya akasema basi angalau mifereji ijazwe na kitu chembamba kigumu, tena cheupe, Kifungo aone pa kuweka kidole. Mbao za namna hiyo hana.

Chembamba, kigumu, cheupe? Nikafungua mkoba. Plastiki ya kola, ile ya kusimamishia kola za mashati! Natembea nayo, kama wenzangu wanavyotembea na lipstiki. Nikakata vipande kwa mkasi wangu, kimoja kwa kila mfereji. Babu Waya alitoa nta yangu kwa sindano, akimung'unya maneno ambayo sikuyauliza. Mimi nachomeka, yeye anatia gundi, Kifungo anapangusa. Hakuna kipande kilichopinda hata kimoja. Babu Waya akapitisha ukucha mara mbili, akatikisa kichwa. Mafundi wanaume ndivyo wanavyosifu.

Jioni Kifungo kapiga chumbani. Sauti imebadilika! Inateleza, inavuta, kama mtu anayeguna wimbo huku anatwanga. Mara ikatoka chongo, akatukana kidogo, nikajifanya sikusikia. Baba Kifungo kazima redio yake mwenyewe, katikati ya mpira. Sijawahi kuona jambo hilo.

Jumamosi, 9 Machi

Ukumbi. Viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu bado mbichi kwa kudekiwa. Bendi nzima katika makoti yangu. Wifi kafika na mwanawe, wamekuja kututia moyo, eti.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa haraka. Kifungo alikosea mahali, sauti ikaangukia pembeni. Kiongozi akakunja uso. Wifi akakohoa. Nilitaka kusimama niwaeleze kuhusu mshumaa, lakini Baba Kifungo alikuwa ameshakalia pindo la gauni langu. Kwa makusudi.

Kifungo akanitazama. Nikamwonyesha kidole gumba, kile chenye alama ya sindano. Akatabasamu kidogo. Akafumba macho kama siku ile dukani.

Wimbo wa pili, wa taratibu. Sasa ikaja ile sauti ya kuguna. Inapanda, inateleza, inakaa. Wifi akaninong'oneza kwamba yeye haisikii besi, iko wapi? Nikamwambia asubiri. Sikujua nasubiri nini, nilisema tu.

Mara kiongozi akainua mkono, akamwashiria Kifungo aache, wengine waendelee. Nikajua tumekwisha. Lakini jamani! Wimbo ulibaki vilevile, na haukuwepo. Kama koti lililong'olewa bitana, mabega yote chini. Mpiga ngoma akawa anageuka kutafuta kilichopotea. Hata mwana wa wifi, aliyekuwa anagongagonga mguu, mguu ukasimama. Kiongozi akamwashiria Kifungo aingie tena. Akaingia. Na koti likasimama.

Wamemchukua! Hapohapo! Kiongozi akashuka kuiangalia ile besi. Akagusa mistari myeupe, akauliza ni fundi gani aliyeitengeneza, hajaona kazi ya namna hii. Kifungo angeweza kusema Babu Waya. Angeweza kunyamaza. Akanishika bega akasema huyu hapa, fundi ni mama yangu.

Nililia. Baba Kifungo naye, lakini kasingizia dawa ya kudekia.

Kisha Kifungo akamsimulia kiongozi yote, koleo na mshumaa. Kiongozi alicheka mpaka kifungo cha koti kikaruka. Nitakishona. Akasema kazi ni ya Kifungo, kwa sharti moja: mama asiguse gitaa lolote la bendi. Nikala kiapo mbele ya watu wote. Kifungo kanirudishia koleo alilolificha tangu Alhamisi, kasema nakuamini, mama.

Jumapili, 10 Machi

Nimepita kwa wifi. Nikamweleza kwamba nyuzi nne ni kwa wanaojua, sita ni za kubahatisha. Nikamweleza pia kwamba niliipanga kazi yote tangu Jumatatu. Hakubisha. Kanipa chai. Halafu akauliza kwa sauti ndogo kama naweza kulitazama gitaa la mwanawe. Nikasema haiwezekani, nimeapa. Nikaona uso umemshuka, maskini. Nikamwahidi kumshonea kijana mkanda wa gitaa, wa zambarau. Mkanda si gitaa.

Baadaye nikaenda ukumbini kukishona kile kifungo cha kiongozi. Kifungo wangu alikuwa jukwaani na wenzake, besi yake ya chai imemkaa mwilini kama nguo ya kupimwa. Nilitulia kabisa. Sikugusa gitaa. Hata waya sikugusa.

Nilikaa tu karibu na kinanda kilichokuwa wazi. Sijawahi kukitazama kinanda kwa karibu. Ni kitu kizuri, lakini masikini, ile kazi! Meno meupe yamelala sawa, mazuri. Halafu katikati yamechomoza mengine meusi, yako juu, yako nusunusu, hayakufika hata ukingoni. Na hakuna aliyeona! Wanapiga tu hivyohivyo, mwaka baada ya mwaka, mbele za watu.

Kiongozi alisema magitaa. Kinanda hakukitaja.

Koleo bado liko kwenye mkoba.