Jogoo wa Isihaka na Mwanzi wa Serikali

Sogeeni, enyi wake kwa waume, mlioshiba na mnaongoja chungu kiive. Wekeni majembe chini, wakalisheni watoto, na mwenye kikohozi akikohoe sasa akimalize, kwa maana habari inayokuja ni nzito kuliko gunia la karanga lililonyeshewa. Leo tunanena habari za Isihaka bin Abdalah, Mshika-Usukani, Mla-Vumbi, Mvuka-Mipaka, aliyetoka Nyasaland kwa miguu yake mwenyewe hadi Nachingwea, na jinsi alivyopambana na dola nzima ya Kiingereza katika njia ya Ruangwa kwa ajili ya kuku mmoja. Mwenye kutaka wafalme na ngome zilizobomolewa aende kwa wasimulizi wenye wafalme. Sisi tuna jogoo, na tutajitahidi naye.

Ilikuwa katika miaka ile ambayo wakubwa wa Ulaya walilitazama pori la Nachingwea, wakaapa kwamba litazaa karanga, nalo pori likawasikiliza kwa adabu bila kuahidi kitu. Matingatinga yakanguruma, mibuyu ikang'olewa, na watu wakamiminika kutoka kila pembe kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuja Isihaka, Myao wa ng'ambo, fundi wa kuendesha magari kwa ushuhuda wake mwenyewe. Mfanyabiashara mmoja wa mjini akampa lori la kupeleka chumvi, kaniki na mafuta ya taa Ruangwa. Lori hilo lilipenda mteremko, lilichukia mlima, na honi yake ilikuwa imekufa kabla Isihaka hajazaliwa upya kama dereva.

Basi shujaa huyu, ambaye tope la masika halikumkwamisha, alikwama pakavu katika kijiji cha Nkowe, kando ya njia ile. Siku moja alisimama kuomba maji ya rejeta, na aliyemletea mtungi alikuwa Zaina binti wa Bi Fatu, ambaye aliyasikiliza matamshi ya Kinyasa ya mgeni huyo akacheka mpaka maji yakamwagika. Tangu siku ile rejeta ya lori ikawa na kiu ya ajabu. Hata mvua ikinyesha ilikauka, na kila mara ilikaukia Nkowe.

Posa ikapelekwa. Isihaka aliipeleka mwenyewe, kwa kuwa hakuwa na wa kumtuma, na kama ilivyo desturi ya mkwe na mkwewe hawakuonana uso kwa uso. Yeye alikaa uani juu ya kinu kilichopinduliwa, na Bi Fatu akanena kutoka ndani, nyuma ya mlango. Shujaa aliyeyashinda makorongo akajikuta anajadiliana na mbao.

"Mwanangu," mlango ulisema, "sina ubaya na wewe. Unafanya kazi, hulewi, na maji yangu umeyanywa vya kutosha. Lakini wewe ni mtu wa kuja. Huna mjomba hapa, huna dada, huna mtu. Ukiugua tumwite nani? Ukimkosea binti yangu twende tukamshitaki nani, lori? Kuna kijana wa kijiji cha Likunja naye ameleta maneno, na wajomba zake wanajaa ua mzima. Lakini Zaina ananinunia, basi nakupa nafasi. Ijumaa uje na jogoo mwekundu, mzima, asiye na kasoro, tukae tuzungumze. Usipokuja naye, usipite tena kuomba maji."

Isihaka akaitikia, akaondoka na jiwe kifuani. Jogoo angempata. Mtu wa kumsimamia angempata wapi? Watu wake wote walikuwa ng'ambo, na hata huko walikuwa wakimwona mjinga.

Ijumaa ikapambazuka. Shujaa alivaa kanzu yake ya pekee, akaweka koti juu yake. Kisha akamtwaa jogoo aliyemchagua kwa siku nyingi katika soko la Nachingwea, mwekundu wa shingo, mweusi wa mkia, mkia wenyewe ukiwa umejipinda kwa madaha, akamwosha kilemba, akamfunga miguu kwa utepe wa kaniki, akamkalisha kwenye kiti cha mbele kama mkaguzi wa serikali. Njia nzima alimfanyisha mazoezi ya kusikiliza hotuba. "Mama mkwe," alisema, akimtazama jogoo, "ingawa mimi ni mgeni, moyo wangu ni mwenyeji." Jogoo alifumba jicho moja, na Isihaka mwenyewe akaona kwamba hotuba ilikuwa mbovu.

Ndipo, wasikilizaji, baada ya kona moja yenye vichaka, likatokea lile lango la chuma la dola ya Kiingereza. Tumesema lango la chuma kwa sababu ya heshima ya simulizi. Ulikuwa mwanzi. Mwanzi mmoja, umelazwa juu ya panda mbili za miti kukinga njia, na kando yake alisimama Eustakio, Mlinda-Mwanzi, Tisho la Madereva, amevaa tarabushi na kaptura iliyopigwa pasi ikasimama peke yake. Alikuwa mpya pale, ameletwa juzi tu, na ugeni wake aliuficha nyuma ya sauti.

"Simama," alisema, ingawa lori lilikuwa limekwisha kusimama. "Leseni."

Akaigeuza leseni, akaigeuza tena. "Hii ni ya Nyasaland. Hapa ni Tanganyika. Njia za huku zinakujua?"

"Zinanijua, bwana askari. Nimezipita mwaka mzima."

"Mimi sikuwapo mwaka mzima. Piga honi."

Isihaka aliibonyeza honi ile kwa kidole cha mtu anayemgusa maiti, na honi ikatoa pumzi kidogo ikanyamaza. Hapo hapo, katika ukimya ule, jogoo akanyoosha shingo akawika, mlio mrefu, wa haki, uliosikika mpaka mashamba ya upande wa pili.

Eustakio akachungulia dirishani. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyekula mihogo wiki nzima.

"Honi yako ina manyoya," alinena. "Sasa sikiliza, bwana dereva. Gari bila honi ni kosa kubwa. Ningeweza kukurudisha Nachingwea, ukae kituoni mpaka Jumatatu. Lakini mimi ni mtu wa huruma. Iache hiyo honi yako hapa, nami nitasahau kwamba nimekuona."

"Bwana askari unataka rushwa?"

"Mimi rushwa siili," alisema Eustakio, akaumia kweli. "Mimi nakula kuku."

Naam, ndipo joka la Hongo lilipoinua kichwa. Akirudishwa, Ijumaa imekwisha. Akimtoa jogoo, Ijumaa imekwisha vile vile. Kijana wa Likunja akamjia machoni, amezungukwa na wajomba. Isihaka akashuka garini, na kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine akatumia ile hotuba.

"Ewe mlinzi wa njia," alisema, "ingawa mimi ni mgeni, moyo wangu..."

"Usinitishe na kanzu," Eustakio alimkata. "Unajua unasema na nani? Mimi ni mtoto wa Songea. Babu zangu walipita nchi hii na ngao, na kila walipopita watu walipanda milimani. Mimi ni Mngoni."

Mkono ambao Isihaka alikuwa ameunyoosha kwa ajili ya hotuba ukabaki hewani. Kisha akaanza kutabasamu polepole, maana aliyoyasikia sasa hayakutoka serikalini. Yalitoka nyumbani.

"Mngoni?" aliuliza. "Ndiyo maana nimesikia harufu ya mtama wa babu yangu. Mliuiba, mkaula, na bado unawanuka mdomoni. Wewe mla panya, mimi ni Myao. Mwaka mzima nimeishi hapa bila mtu wa kunitukana, kumbe mtani wangu amekaa porini anachunga mwanzi."

Tarabushi likatikisika. Eustakio alijitahidi kubaki serikali, akashindwa.

"Myao," alisema, na meno yote yakatoka nje. "Nilidhani ni dereva, kumbe ni mchuuzi. Nyinyi mngepata mnunuzi mngeuza hata kivuli cha mti. Babu yako alipomwona babu yangu alikimbia mpaka akasahau mke."

"Hakumsahau. Alimwacha awapikie, muone jinsi chakula kinavyopikwa."

Wakashikana mikono, wakagongana mabega, wakatukanana babu kwa babu na bibi kwa bibi, kama wafanyavyo Wayao na Wangoni tangu vita vya mababu zao viishe, na nyasi zote za kando ya njia zikashuhudia. Isihaka akaona joka limekufa. Akapumua, akageuka kulipanda lori lake, na hapo, enyi wasikilizaji, ndipo mlipaswa kumlilia. Kwani Eustakio alifungua mlango wa upande wa pili, akamchukua jogoo, akamtia kwapani.

"Mtani, unafanya nini?"

"Kwanza nilikuwa naomba hongo," Eustakio alisema kwa furaha kubwa, "na moyo ulinisuta kidogo. Sasa umenambia mwenyewe kwamba wewe ni mtani wangu. Cha mtani si ni changu? Nachukua kwa haki. Na ukinuna, umeshindwa."

Tazameni akili ya shujaa wetu. Aliikuta dhambi ya mwenzake, akaisafisha, akaipiga pasi, akamrudishia ikiwa halali. Isihaka alitamani kununa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, wala hakuweza, maana mtani akinuna anaaibisha ukoo. Basi alicheka. Alicheka kicheko kikavu cha mtu aliyejikata mguu kwa shoka lake, huku akitafuta kwa macho kitu chochote cha Eustakio cha kuchukua. Tarabushi lilikuwa juu mno. Chungu chake cha maharage, kilichokaa kando ya panda, kilikuwa kitupu.

Macho yake yakaangukia lango la chuma.

Akakunja kanzu, akauendea mwanzi wa serikali, akaung'oa katika panda zake kwa kishindo, akaupeleka nyuma ya lori akaulaza juu ya magunia ya chumvi.

"Mtani," alisema, akijipangusa mikono, "kwetu tunajenga jiko. Mwanzi kama huu nilikuwa nautafuta."

Eustakio akacheka. Kisha akaitazama njia. Ilikuwa imelala wazi, nyeupe, inakwenda Ruangwa bila kumwogopa mtu. Kicheko kikapungua.

"Mtani, huo ni wa serikali."

"Cha mtani si ni changu?"

"Bwana Inspekta yuko Ruangwa. Anarudi mchana huu. Akinikuta nimesimama hapa bila mwanzi, atauliza ninalinda nini."

"Mwambie unalinda kuku."

Majeshi mawili yakatazamana. Njia ilikuwa wazi na Isihaka angeweza kuondoka, lakini bila jogoo hakuwa na pa kwenda. Eustakio alikuwa na kitoweo mkononi, lakini kizuizi bila mwanzi ni barabara tu. Mbali upande wa Ruangwa likaonekana vumbi, huenda la gari, huenda la upepo, na Eustakio hakutaka kungoja ajue.

"Huyu jogoo ulikuwa unampeleka wapi?" aliuliza kwa sauti ya mtu, si ya askari.

"Nkowe. Kwa mama mkwe. Anasema sina watu."

"Ungesema mapema."

"Ulikuwa umeniambia nipige honi."

Mwanzi ukarudi katika panda zake, na jogoo akarudi katika kiti chake. Lakini kabla ya kumwachilia, Eustakio alishika mkia ule mweusi uliojipinda kwa madaha, akavuta, akabaki na manyoya marefu yote mkononi. Akachomeka moja katika tarabushi lake.

"Hii si hongo," alisema. "Ni haki ya mtani."

Isihaka akaendesha mpaka Nkowe akiwa na huzuni. Kando yake jogoo alikaa amempa mgongo, na mgongo wenyewe haukutazamika. Mzima, asiye na kasoro, Bi Fatu alikuwa amesema. Mshika-Usukani akajiona alivyo: mtu aliyeishinda serikali ya Mwingereza akashindwa kulinda matako ya kuku.

Alipofika alikaa juu ya kile kinu, akamsukuma jogoo ndani kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Hotuba yote ilikuwa imempotea.

"Huyu," mlango ulisema mwishowe, "amepatwa na nini huku nyuma?"

"Amenyonyolewa mkia, mama."

"Na nani?"

"Na mtani wangu."

"Mtani wako? Wewe si huna mtu?"

"Ni Mngoni wa Songea, mama, askari wa kizuizi cha njiani. Alininyang'anya jogoo, nikamnyang'anya mwanzi wa serikali. Amewatukana babu zangu wote."

"Sana?"

"Sana, mama. Hakubakiza."

"Na hukununa?"

"Nilitamani," alisema Isihaka. "Sikununa."

Nyuma ya mlango Zaina alicheka kwanza, kicheko kile kile cha mtungi, na Bi Fatu akamfuata, wakacheka mpaka jogoo akaanza kulalamika. Bi Fatu alipopata pumzi alisema polepole, na sauti yake ilikuwa imelainika.

"Jogoo mzima hata wa Likunja wanao. Mtu asiye na wa kumtukana ndiye aliyepotea. Basi wewe una mtu, mwanangu. Huyo askari mwambie aje, tumwone, ili siku ukikosea tujue pa kwenda."

Isihaka akainamisha kichwa uani pale, na tunakiri bila aibu kwamba Mla-Vumbi alilia. Alisema ni vumbi.

Hivyo ndivyo dola ilivyotikiswa na kusimama tena kabla ya adhuhuri, na Inspekta alipopita aliukuta mwanzi mahali pake, akaridhika. Vijiji vyote vya njia ile viliisifu siku hiyo. Kwenye harusi Eustakio alikuja na unyoya wake kichwani, akasimama upande wa bwana harusi, akamtukana vizuri sana, akala paja la yule jogoo kwa haki, na bwana harusi akapewa shingo. Tangu hapo, kila lori lile lilipoikaribia kona yenye vichaka, mwanzi wa serikali uliinuka wenyewe kabla honi haijapigwa. Nayo honi, kwa kuwa lazima habari za mashujaa zisemwe kweli, haikutengenezwa kamwe.