Barua 11,482 na Kiti Kinachozunguka

Jumatatu, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Mkurugenzi wetu anakwenda likizo ya miezi mitatu na anatafuta mtu wa kukaimu nafasi yake. Ijumaa saa nne asubuhi atapita meza kwa meza kutazama vikasha vyetu vya barua pepe. Amesema asiyeweza kumaliza barua zake hawezi kukabidhiwa za wenzake.

Nina barua 11,482 ambazo hazijasomwa. Sikuzihesabu mimi. Kompyuta inahesabu yenyewe, bila kuombwa, kwa rangi nyekundu.

Ieleweke kwamba si uvivu! Mimi ni afisa malalamiko wa kampuni ya maji. Mabomba yanapasuka, mita zinakimbia nyumba ikiwa tupu, na wote wananiandikia mimi. Mwanzoni nilikuwa nasoma. Halafu nikaumwa mafua siku mbili, na tangu hapo sijazifikia tena. Sasa ni mwaka wa nne.

Jirani yangu wa meza hana hata moja. Ofisi nzima tunamwita Bwana Sifuri. Nimemuuliza siri yake. Amesema barua ikija, anaijibu. Mwongo mkubwa.

Naitaka ile ofisi ya Mkurugenzi. Ina mlango, dirisha na kiti kinachozunguka. Mimi nakaa ukumbini, mgongo wangu ukiwa kwenye njia ya chooni. Isitoshe, mchana nilishampigia mke wangu simu na kumwambia kwamba nimepewa. Naye kamwambia mama yake, na mama mkwe anakuja kuiona Ijumaa kwa macho yake mwenyewe. Kwa miaka tisa amekuwa akimuuliza binti yake kama bado nakaa kwenye njia ya choo.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu njia ya Bwana Sifuri. Nimefungua barua moja, ya mwalimu mstaafu. Bomba linavuja mbele ya nyumba yake na bata wa jirani wamehamia hapo. Ilikuwa ya mwaka juzi. Nimemjibu kwa adabu kwamba tunalifanyia kazi.

Dakika mbili hazikupita, amejibu! Anauliza ni kazi gani hiyo, anaifanya nani, na wale vifaranga wa bata sasa ni wa nani. Barua moja, maswali matatu. Nimepiga hesabu: nikizijibu zote nitaishia na 34,446. Kumbe kujibu barua ndiko kunakozaa barua. Bwana Sifuri hawezi kuwa mzima.

Mchana nimepata mbinu. Nimeiwekea kompyuta jibu linalojituma lenyewe kwa kila anayeniandikia: asante, jambo lako linafanyiwa kazi, tafadhali thibitisha kwamba umepata ujumbe huu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemwandikia mtunza ghala kumwomba daftari jipya, nikaondoka saa kumi kamili nikipiga mluzi.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Mtunza ghala yuko likizo. Naye ameacha jibu linalojituma lenyewe: sipo, kwa jambo la haraka andika tena. Kompyuta yangu ikamshukuru na kumwomba athibitishe. Yake ikasema hayupo, andika tena. Yangu ikamshukuru. Asubuhi nimekuta barua 15,907. Mashine mbili zimeongea tangu jana jioni na hakuna iliyochoka wala kutukana. Ndoa nyingi zingejifunza.

Nimezima lile jibu na kumpigia shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta. Amecheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Kisha akasema nifute zote.

Rahisi kwake! Hapa kwetu barua pepe haihesabiwi kuwa imefika mpaka ichapwe kwenye karatasi, igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA na kutiwa kwenye faili na Bibi Masjala. Lakini hebu ngoja. Ikishachapwa, ile iliyobaki kwenye kompyuta si ni ganda tu? Nikazifuta hizo, nani atanishitaki? Nimemwendea Bibi Masjala kumwomba anichapie barua zangu chache. Akauliza chache ngapi, baba. Nikamwambia aanze tu.

Bibi Masjala amebakiza mwaka mmoja kustaafu na hajawahi kukataa karatasi. Kufikia jioni amechapa mia sita. Mia tano na arobaini kati ya hizo ni mtunza ghala akiniambia hayupo. Zote zimegongwa muhuri, moja baada ya nyingine, kwa mkono. Amezifungulia faili jipya na juu yake kaandika MAHUSIANO. Karatasi za ghorofa nzima zimekwisha. Bwana Sifuri amekuja kunipa rimu yake mwenyewe, akitabasamu. Nimeipokea. Simsamehe ng'o.

Alhamisi, 6 Machi

Sasa wino wa printa nao umekwisha. Zimebaki zaidi ya elfu kumi na tano. Liwalo na liwe! Nimezichagua zote, nikabonyeza futa. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Katika ofisi hii hakuna aliyewahi kuniuliza maoni yangu kwa heshima kiasi hicho. Nikasema ndiyo.

Sifuri! Nimelengwalengwa na machozi, sifichi.

Raha haikudumu. Kufikia saa sita zimeingia kumi na saba mpya. Watu hawana haya. Nikazifuta nazo. Nikahangaika na mipangilio mpaka nikapata pa kuiamuru kompyuta ipeleke kila barua inayoingia kwenye anwani nyingine. Nikaandika ya mke wangu. Hajaifungua tangu tuoane. Kikasha kikatulia. Nimekitazama mpaka saa ya kutoka, kitupu, kinang'aa.

Jioni mama mkwe amewasili. Tumekula vizuri, ila simu ya mke wangu ilikuwa inalia mezani ting, ting, ting, haina breki. Mke wangu akasema hajui kuna nini, pengine imeingia maji. Mama mkwe kavaa miwani, kaichukua, kakaa nayo kwenye kochi saa mbili nzima akinong'ona na kuandika. Sikuuliza. Mkwe hahojiwi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne kamili. Mkurugenzi ametazama kwa Bwana Sifuri: sifuri. Ametazama kwangu: sifuri. Akafuta kioo changu kwa leso, akatazama tena. Nikasimama wima. Akauliza nimewezaje. Nikamjibu kwamba barua ikija, naijibu. Bwana Sifuri akapaliwa na chai.

Hapo Mkurugenzi akatoa karatasi. Yule mwalimu mstaafu amempelekea shukrani. Baada ya miaka miwili aliandika tena jana, na jioni hatimaye amejibiwa kama binadamu. Ameelekezwa afunge koki ya nje, akaze bomba kwa mpira na waya, amfokee fundi wa zamu kwa namba aliyonayo, na bata asiwafukuze maana wanataga. Bomba limenyamaza. Kulikuwa na shukrani nyingine kumi na tisa za namna hiyo. Majibu yote yalitiwa sahihi "Ni mimi, Mama". Mkurugenzi akataka kujua Mama ni nani katika idara yangu.

Kabla sijabuni uongo, mama mkwe kaingia. Kavaa nguo ya sherehe. Akasalimia wote, akamuuliza Bwana Sifuri mbona amekonda, kisha mbele ya watu akaniuliza kama ndiyo hii njia ya choo. Halafu akasikia bomba la chooni linadondoka. Akamwambia Mkurugenzi, kwa upole kabisa, kwamba ni aibu kwa kampuni ya maji, na kwamba hapo ni mpira wa koki tu umekwisha. Mkurugenzi akamtazama, akaitazama karatasi, akamshika mkono. Wakaingia ile ofisi wakafunga mlango. Dakika arobaini! Nilisikia vicheko.

Matokeo ni haya. Anayekaimu ni Bwana Sifuri. Ofisi ameikataa, eti upepo wa dirishani unamletea kikohozi. Kwa hiyo ofisi amepewa mama mkwe, mkataba wa miezi mitatu, ajibu malalamiko. Nikauliza mimi sasa nitafanya nini. Nimeambiwa nitafanya kila atakachonielekeza Mama, kwa barua pepe.

Mama mkwe akakalia kile kiti, akakizungusha mara moja, taratibu. Akasema kweli ni ofisi nzuri, mkwe wake hakumdanganya. Hakusema kwa kebehi. Afadhali angesema kwa kebehi. Inaniuma, na siwezi kumwambia mtu, kwa hiyo naandika hapa: inaniuma sana.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mpya. Mwenye kuanguka huinuka! Mama mkwe kaanza kazi saa mbili kasoro dakika kumi, kaniondolesha ile amri ya kupeleka barua kwa mke wangu, na kufikia saa nne nimeshapata barua zake ishirini na mbili. Nimefungua ya kwanza. Anauliza kama nimesoma ya pili.

Nikisoma ya pili, nitakuwa nimekubali kwamba zinafika, na zikifika hazitakoma. Hapa panahitaji akili, si papara. Nimetafakari mpaka saa tano, kisha nikaijibu ile barua yake ya kwanza, kwa heshima zote anazostahili mkwe, nikimweleza kwa masikitiko kwamba barua zake hazinifikii kabisa.

Mama mkwe ametoka mlangoni na jibu langu limechapwa mkononi, amenitazama juu ya miwani, amerudi ndani. Dakika ileile imeingia barua ya ishirini na tatu. Sijaifungua. Nadhani ameamini.