Uhuru Tano na Punda Saba

Jumatatu, 14 Julai 2025
Barua imefika. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuona kama kituo changu cha hifadhi ya punda hapa Mkumbara kinastahili ithibati. Nikikosa, punda wangu saba wanahamishiwa Mpale, kwenye kituo cha Filomena. Filomena! Mwanamke aliyetundika cheti chake juu ya picha ya mumewe!

Mjukuu wangu Munira kanisomea masharti. Eti mnyama apewe uhuru wa aina tano: asikae na njaa, asiumwe, asitishwe, sijui nini tena. Nikamwambia sisi nchi nzima tulipata mmoja tu, na tukakesha tunacheza ngoma. Punda apewe aina tano!

Punda wangu Mstaafu nimemwosha kidonda, asubuhi na jioni.

Jumanne, 15 Julai
Nimewakagua mwenyewe. Aibu. Vikongwe watupu. Mbaya kupita wote Mstaafu: jicho moja, mguu wa nyuma haukanyagi, mgongo umeliwa na mkokoteni. Nilimkuta katupwa kando ya barabara ya Moshi, nikamvuta kwa kanga hadi nyumbani. Huyo haendi Mpale. Wanizike kwanza.

Nimepata akili! Nimemwendea Kibwana, ana punda saba wanono. Nikamwambia kuna daktari anakuja kuwapima bure. Akasema, bibi Mashavu, wewe hujawahi kunipa cha bure hata salamu. Lakini kakubali kuwaleta kwangu.

Mstaafu nimemwosha, asubuhi na jioni.

Alhamisi, 17 Julai
Wangu nimewaficha kwenye mkonge. Wa Kibwana wamejipanga uani kama maharusi.

Mkaguzi ni Bwana Habakuki. Ana adabu, shikamoo kaitoa kabla hajavua kofia. Akauliza majina ya punda. Majina! Sikuyafikiria. Nikawapa ya wajomba zangu. Akauliza yupi mgonjwa, yupi mzee. Nikajibu kwa fahari kwamba hapa hakuna mgonjwa hata wa mafua. Akafunika kalamu. Akasema, bibi, kituo cha hifadhi kisicho na mwenye shida si kituo, ni zizi tu. Ithibati hapa sioni.

Mara Mstaafu huyo, anatoka kwenye mkonge kwa miguu mitatu. Saa yake ya kuoshwa ilishapita, mimi nimechelewa. Kaja kaniwekea kichwa begani, mbele ya serikali!

Habakuki akamnusa kidonda, akamwinua kwato. Akauliza nani anamtibu. Mimi. Iko wapi kumbukumbu ya matibabu? Sina daftari jingine ila hili. Nikampa.

Mjinga mimi! Kasoma yote, na habari za Kibwana. Kacheka mpaka kakalia ndoo ya pumba.

Mstaafu nimemwosha. Mara tatu, kwa aibu.

Jumapili, 20 Julai
Nimepata! Ithibati ya majaribio, miezi sita. Habakuki kasema kilichoniokoa ni ule mstari wa mwisho wa kila siku. Punda hawaendi popote. Kaniusia nisidanganye tena, atarudi Januari. Nikaitikia, ndiyo baba.

Cheti nimekitundika juu kabisa, karibu na bati. Filomena akija aumie shingo kukitazama.

Kumbe mkaguzi anapenda wabovu! Nami ninao saba tu. Nimerudi kwa Kibwana kuazima vilema. Kasema hana. Nikamwambia mzima hufundishika. Tumeanza mazoezi leo jioni: wawili wameshajua kuchechemea.

Mwalimu wao ni Mstaafu. Nimemwosha kwanza.