Uswisi Yangu ya Mtera

Alhamisi, 21 Ramadhani

Nimeondoka! Saa mbili asubuhi nimepanda basi la Dar es Salaam kwenda kukamata ndege ya Uswisi. Dakika thelathini baadaye nimeshuka Ihumwa, nje kidogo tu ya Dodoma.

Msindikizo ulikuwa wa heshima. Sheikh Jamaldini, imamu wa msikiti wetu wa mtaani, alisoma dua mpaka dereva akaanza kupiga honi. Abdulkadiri naye alikuja. Huyu ni muuza vitambaa, na ndiye kero ya maisha yangu. Miaka mitatu iliyopita alikwenda Uturuki siku sita kuchukua mzigo, na tangu hapo mtaa haujapumua. Umeme ukikatika, kule Uturuki haukatiki. Akipewa chai, kule Uturuki ndiko kwenye chai. Leo kaniuliza mbele ya watu nakwenda Uswisi kufanya nini. Nikamjibu kwa upole: kutalii peke yangu. Mchana naendesha gari milimani, asubuhi natembea kwa miguu kando ya maziwa. Raha iliyoje!

Sababu ya yote haya ni Munira. Mjane, ana duka la vyombo, akicheka hufumba macho. Nimepeleka posa. Abdulkadiri naye kapeleka, wiki hiyo hiyo, bila haya. Munira kasema Ramadhani ni mwezi wa ibada, jibu atatoa Iddi Mosi. Lakini niliwahi kumsikia kwa masikio yangu akisema anampenda mwanamume aliyeiona dunia. Nina siku tisa za kuiona.

Kazi yangu ni kupiga picha za paspoti, kibanda kiko jirani na stendi. Nimeshapiga nusu ya mji. Mwenyewe sina paspoti.

Ihumwa alinisubiri Meshack, fundi magari, mtu pekee anayejua siri. Kaniazima kigari cheupe ambacho mlango wa dereva hufunguka kwa nje tu. Akanielekeza nizunguke nje ya mji ndipo niishike barabara ya Iringa. Nikazunguka. Nikapotea. Nikatokea stendi! Wasindikizaji wangu walikuwa bado wamesimama pale pale, wananisifu. Nikajitanda taulo usoni, nikapita.

Ijumaa, 22 Ramadhani

Mtera. Nimepanga chumba kwa Denis, mvuvi, na mkewe Lydia. Watu wazuri, hawaulizi maswali.

Sikujua. Miaka arobaini na sita naishi Dodoma na sikujua. Bwawa lilipojazwa zamani miti haikukatwa, na mpaka leo imesimama majini, mikavu, mieupe, kila tawi na ndege wake. Maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba kila mti ulionekana mara mbili. Nilikaa juu ya jiwe tangu alfajiri mpaka jua likanifukuza. Sikuwaza chochote. Hata Abdulkadiri nilimsahau, jambo ambalo halijanitokea tangu mwaka juzi.

Kisha kazi. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la mtaa la WhatsApp: nawasalimu kutoka Uswisi. Mashaallah kumi na saba! Munira kaweka ua. Abdulkadiri kauliza theluji iko wapi. Nikamjibu ndiyo hayo maji, imeyeyuka.

Msafiri ana ruhusa ya kula mchana. Nimeamua kufunga. Nimeshamchosha Mungu vya kutosha kwa wiki moja.

Jumapili, 24 Ramadhani

Matembezi marefu ufukweni, baada ya sala ya alfajiri. Mdomo mkavu, mwili mwepesi, kichwa kimejaa upepo. Saumu ikikukuta mahali kama hapa unatembea bila kujua kama ni wewe au ni kivuli chako. Nadhani nimezungumza na korongo mmoja. Nadhani alinielewa.

Mara nikasikia kengele. Nyingi, ndogondogo, zinatoka vichakani kabla sijaona kitu. Ng'ombe! Nilishasikia kwamba ng'ombe wa Uswisi huvishwa kengele shingoni. Hawa wa Wagogo pia wamevishwa. Bahati gani hii? Nikarekodi dakika nzima, nikatuma: sikilizeni malisho ya Ulaya.

Munira kaniandikia pembeni, si kwenye kundi. Kasema amesikiliza mara tatu. Kasema laiti naye angekuwepo. Nimeusoma ujumbe huo hadi nikajikuta nimesimama ndani ya maji, magotini, na sikumbuki niliingiaje. Denis kapiga kelele kutoka kwenye mtumbwi wake nitoke upesi, kuna mamba. Nilitoka taratibu, kwa tabasamu. Denis kamwambia mkewe kwamba mgeni wao ana kasoro.

Jumatatu, 25 Ramadhani

Nimejimaliza!

Lydia alinipikia futari ya kifalme: uji wa moto na perege wa kuchoma. Saa moja kasoro dakika kumi nikatuma picha ya sahani, futari njema ndugu zangu. Dakika mbili hazikupita Abdulkadiri akadaka. Kaandika kwamba saa za Uswisi ziko nyuma ya zetu kwa mbili, kwa hiyo huko sasa ni alasiri, jua linawaka. Je, Harithi anafuturu mchana kweupe? Halafu kaongeza kwamba yeye kule Uturuki alifunga siku zote sita. Haikuwa hata Ramadhani!

Nikajitetea kwamba msafiri ana ruhusa. Sheikh akakubali, ila akasema anayekula mchana kwa ruhusa asitangaze. Kwa hiyo sasa mtaa mzima unajua sifungi, na mimi nimefunga mpaka midomo imepasuka. Mtu mwema wa siri! Imeniuma, siwezi kuficha.

Nilikwenda kukaa kwenye jiwe langu. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Baada ya muda haikuuma sana.

Jumatano, 27 Ramadhani

Leo gari. Nimeshika barabara ya vumbi kwenda Mpwapwa, nikapige picha za milima. Mpango: milima bila watu.

Safari ya ndoto! Mvua ya jana imeosha kila kitu. Mawe makubwa yamebebana, mtama umesimama kijani pande zote, vilima vya mbali vya bluu vinasogea kila ukivikaribia. Dirisha wazi, redio mbovu, nikaimba mwenyewe. Nilianza kuamini. Kuna kona moja nilisema kwa sauti: kweli Uswisi ni nchi nzuri. Nikacheka, kisha nikaona haya, kisha nikacheka tena.

Mpwapwa mjini nikasimama kununua tende, nikajisahau, nimejifungia garini, mlango ndio ule. Nikawa natoa mkono dirishani nijifungulie. Ghafla bodaboda ikasimama ubavuni. Halfani, kijana wa mtaani kwetu! Kaniamkia, shikamoo mjomba Harithi, kumbe hukusafiri? Nikamkazia macho, nikamjibu kwa Kifaransa. Sijui Kifaransa. Akaniomba radhi, akaondoka.

Jioni nikaona kwenye kundi: Halfani kaandika kwamba Mpwapwa kuna mgeni kutoka ng'ambo amefanana na mjomba Harithi mpaka sauti. Abdulkadiri kauliza mgeni huyo alikuwa na gari gani. Munira kaandika kwamba duniani wawili wawili. Mungu ambariki.

Ijumaa, 29 Ramadhani

Nitaandika ilivyokuwa.

Jioni ya kuutafuta mwezi. Ukionekana, kesho Iddi, na jibu langu. Usipoonekana tunakamilisha thelathini. Kwenye kundi wakawa wanalalamika kwamba Dodoma mvua inanyesha, wingu zito, haionekani hata nyota. Huku kwetu mawingu yalifunguka upande wa magharibi kama mtu kavuta pazia. Nimekaa kwenye jiwe, nimeshafuturu kwa tende tatu. Denis alikuwa anavuta mtumbwi ufukweni. Akanyanyua kasia, akanielekeza.

Nikauona. Mwembamba sana, umelala chali juu ya miti mikavu, na mwingine chini yake majini. Sijawahi kuuona kwa macho yangu, kila mwaka huwa naambiwa na redio. Nililia. Sioni aibu kuandika.

Nikampigia Sheikh Jamaldini. Sheikh, mwezi umeandama! Akauliza nimeuona wapi. Nikasema Uswisi. Nikasikia mtu anacheka, na najua kicheko cha nani. Sheikh akasema mwezi wa Uswisi ni wa watu wa Uswisi, sisi hapa tunafuata unaoonekana kwetu. Halafu, akasema, huko si alasiri sasa?

Ningekata simu yakaisha. Lakini mtaa mzima ungeamka kesho na kufunga siku ya Iddi, na kufunga Iddi ni haramu, na anayejua ni mimi peke yangu. Na mwezi ule pale, unanitazama.

Nikasema, Sheikh, niko Mtera. Niko Mtera tangu siku ya kwanza.

Simu ilikuwa kwenye spika. Nilisikia msikiti mzima ukivuta pumzi. Abdulkadiri akaomba nirudie, hakusikia vizuri. Nikarudia! Sheikh akanijibu taratibu, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniua. Kasema shahidi wa mwezi sharti awe mwadilifu, mtu ambaye neno lake linaaminika. Siku tisa nimewaambia niko Uswisi. Ushahidi wangu haupokelewi. Akauliza kama kuna mwingine aliyeuona. Nikamtaja Denis, mzee wa kanisa. Akamtumia salamu, akakata.

Baadaye redio nayo ikasema haukuonekana popote. Kesho watafunga.

Jumamosi, 1 Shawwal kwangu, 30 Ramadhani kwa binadamu wengine

Aliyeuona mwezi kwa macho yake hafungi. Basi leo ni Iddi, na mwenye Iddi ni mimi tu.

Nimevaa kanzu. Denis na Lydia wamenipa mkono wa Iddi, wamenifungia perege wakavu wa zawadi. Nikaaga jiwe langu. Nikaendesha pole pole kurudi nyumbani, barabara tupu, jua la asubuhi, sikukuu ya mtu mmoja. Nilikula andazi nikiendesha. Lilikuwa tamu, na lilikuwa la upweke sana. Nilikuwa nawaza ningemgawia nani nusu.

Mjini nikafikia mbele ya msikiti, hakuna njia nyingine. Watu wamekaa kivulini, midomo mikavu. Mimi na kanzu ya Iddi na makombo kwenye ndevu. Nikataka kushuka kwa heshima. Mlango ukagoma. Ikabidi Abdulkadiri aje anifungulie kwa nje, akaniuliza kama ndege ilichelewa.

Posa yangu imekwisha. Munira kasikia yote. Nimelala na kanzu.

Jumapili, Iddi Mosi kwa wote

Munira kaniita kwao! Nikaenda na perege, maana mikono mitupu nisingeweza.

Tulikaa ukumbini, shangazi yake Bi Sikudhani kaketi katikati yetu na sahani ya pilau. Munira kaanza na Abdulkadiri: posa yake imerudishwa asubuhi. Nikashika kiti. Kisha kasema kuhusu Mtera alijua tangu Jumapili iliyopita. Katika zile kengele zangu za Ulaya kulikuwa na mchungaji akimfokea ng'ombe kwa Kigogo, dakika nzima.

Nikauliza, kwa sauti ndogo, mbona alinyamaza. Kasema alitaka kuona kesho yake nitatuma nini. Kila siku alikuwa anaisubiri picha. Marehemu mumewe alimwahidi kumpeleka Mtera, miaka ikapita, hawakwenda. Kasema ningemwambia tu, Munira, twende Mtera, angekuja.

Siku tisa nimetembea peke yangu kando ya yale maji. Tungeuona mwezi pamoja, na shangazi pembeni, na yeye ni mwadilifu, wangemwamini!

Kasema lakini kuna jambo moja limemgusa. Ijumaa ningeweza kukata simu na sikukata. Kwa hiyo hakatai. Jibu atatoa Iddi ya Kuchinja, kwa sharti moja: kutoka leo mpaka siku hiyo nisiseme uongo hata mmoja. Nikaapa. Bi Sikudhani akaweka kijiko chini akawa shahidi. Niliapa kwa moyo wangu wote, machozi karibu.

Munira akafungua kifurushi, akasifu perege walivyo wazuri. Akauliza kama nimewavua mwenyewe.

Nikasema ndiyo.

Kafurahi mno! Kacheka, kafumba macho. Kasema basi Jumamosi twende Mtera sote, yeye, shangazi na kaka yake, anione nikitupa wavu.

Nimeshampigia Denis. Atajificha nyuma ya mti mkavu, ndani ya maji, awe ananitilia samaki wavuni. Kauliza kuhusu mamba. Nimemwambia hilo nitalifikiria njiani. Ni uongo mdogo, tena wa samaki, na ndio wa mwisho. Siku za kiapo nimeamua kuanza kuzihesabu Jumapili ijayo.