Kengele ya Mpakani na Kifo Changu cha Mapema

Jumatatu, 3 Machi 2025, Dranya
Moyo wangu umechoka, daktari wa Arua kasema. Basi naungama huku mkono ungali unaandika: nataka jina langu lifundishwe shuleni. Walimu wa Koboko wanaongeza matukio ya karibuni kwenye somo la historia. Wamechagua mwaka 2016, majirani zetu walipokimbia vita Sudan Kusini. Usiku kucha nilipiga kengele ya shule kando ya mto, ili waliojificha majanini wajue pa kuvukia. Alionzi, niliyefundisha naye, aliibeba kengele hadi mtoni. Kuibeba tu. Yeye hudai alipiga pia. Sasa Lillian, mjukuu wangu na katibu wa kamati, kaniambia majina ya walio hai hayaandikwi. Aliye hai bado anaweza kujiharibia. Kamati inafunga kazi Ijumaa. Moyo wangu hauna haraka hiyo.

Jumanne, 4 Machi
Alionzi kaja kutoka Aroi na sukari. Hakuja kwa sukari. Aliitazama kwa wivu miguu yangu iliyovimba, kisha akasema eti nimenawiri. Akakohoa kikohozi kirefu, kizuri. Huyu anaweza kunitangulia.

Jumatano, 5 Machi
Nimemtuma Shafiki wa bodaboda redioni Arua na tangazo la kifo. Changu. Aliuliza kama marehemu anajua. Nikasema marehemu amekubali. Jumamosi nitasema redio ilikosea.

Alhamisi, 6 Machi
Nilisahau kwamba kwetu tangazo likisomwa, watu hawatumi salamu. Wanakuja. Kufikia adhuhuri ua umejaa mikeka, unga wa muhogo na mabishano kuhusu mahali pa kunichimbia. Nikajibanza nyuma ya ghala la mtama.

Mariam Poni, mmoja wa waliovuka usiku ule, alikuja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi. Akawasimulia waombolezaji: alilala majanini, mwanawe Angelo mgongoni, hajui Uganda iko upande gani. Akaifuata kengele. Kisha akamsimamisha Angelo mbele ya watu, akasema ndiye huyu.

Miaka arobaini nimefundisha historia. Sikuwahi kuiona imesimama mbele yangu, imevaa kaptula ya shule. Nikalia kwa sauti.

Wanawake wakatawanyika. Mariam alibaki, akachungulia nyuma ya ghala. "Mwalimu, wewe iko hai?" Nikamjibu, kidogo. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipakulia chakula cha matanga yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Lillian kaninunia, anasema nami kupitia mlango uliofungwa. Kamati imeamua: kengele inaingia kwenye somo, mpigaji hapana. Nimeridhika. Kweli kabisa. Sauti iliyomvusha mama na mtoto gizani ni kubwa kuliko mimi, Enoch Drani. Nilikaa uani hadi jua kuzama, nikitazama upande wa mto, mdomo wazi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Sina deni tena na sifa. Naweza kufa vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Redio asubuhi: Alionzi amefariki Aroi. Lillian analia. Anasema mzee wa watu amekufa kweli, na huenda kamati ikafungua kazi tena imwandike.

Kila mtu ameamini. Mimi nakijua kikohozi kile. Nimevaa viatu, Shafiki anawasha pikipiki. Naenda kumfinya, nione kama marehemu ataruka.