Spika ya Mtaa Isifungwe Ukutani Kwangu

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Lưỡng,

Pokea kwanza salamu zangu za heshima. Mimi ni Đoàn Văn Khuê, mzee wa miaka sabini na moja, nyumba ya mwisho kichochoroni, yenye tundu la ndege barazani. Nalalamika kuandikwa kiziwi.

1. Karani wako alipopita na fomu ya kuorodhesha viziwi wa mtaa, hakuniuliza mimi. Alimwuliza mke wangu, Bi Nhiên, naye akajibu, "Huyu? Kiziwi wa kuganda, hasikii hata radi. Andika tu." Nilikuwa hatua tano kutoka pale, nampa ndege panzi, na nilisikia kila neno. Sikuweza kupinga, maana kupinga kungeonyesha kwamba nasikia.

Ndugu Mwenyekiti, wewe umeoa, utanielewa. Sisi watu wa hapa tuna maneno mengi ya masikio, na kila mtu ana lake. Yuko wa sikio jembamba, anayesikia hata jirani akifunua sufuria. Yuko wa masikio ya kuzurura, unasema naye huku yako kwingine. Yuko wa kudaka moja na kuangusha mawili. Mimi ni wa masikio mazito, cheo nilichokishika nyumbani miaka ishirini na sita bila kosa. Masikio mazito humruhusu mzee asisikie habari ya vyombo vichafu, na bado asikie akiitwa kwenye bia. Kiziwi hana nafasi hiyo.

2. Kwa kuwa mimi ni kiziwi, mmeamua spika ya mtaa ihamie ukutani kwangu, eti haitanisumbua. Mafundi wamekwisha pima. Saa kumi na moja alfajiri itatangaza taka na chanjo za mbwa juu ya tundu la ndege niliyemlea miaka minne ndipo akaimba. Akinyamaza huyu, asubuhi yangu imekwisha. Inaniuma, sikufichi.

3. Orodha mmeisoma kwenye spika hiyohiyo. Sasa wenzangu wa sataranji wananisengenya mbele ya uso wangu, nami inanibidi nitabasamu.

4. Mwaka mzima tunakwambia mtaro umeziba, nawe unatikisa kichwa tu. Kwa kipimo cha ofisi yako, kiziwi wa kuganda mtaani ni wewe. Naomba spika ifungwe kwako, juu ya kitanda.

Barua hii isisomwe hadharani, Bi Nhiên asije akaisikia. Nisalimie mkeo, karani, na mafundi wote na ngazi yao.

Ni mimi, mwenye masikio mazito tu,
Đoàn Văn Khuê

N.B. Nilipokuwa nafunga bahasha, Bi Nhiên alinong'ona kule jikoni, mgongo kanipa, kwamba supu ya kaa iko tayari. Nikaitikia, "Naja." Sasa amesimama mlangoni, amekunja mikono, na ana maneno ya miaka ishirini na sita. Ameanza na vyombo. Tafadhali choma yote niliyoandika hapo juu. Mimi ni kiziwi wa kuganda. Ndege nitampeleka kwa binti yangu. Spika ileteni leo hii, kubwa kuliko zote mlizonazo, na mdomo wake uelekee ndani.