Goti Langu na Arusi ya Yvette

Jumatatu, 2 Juni

Mazoezi ya kumwingiza bibi arusi. Kwetu Wakongomani bibi arusi haingii ukumbini hivi hivi, anaingizwa kwa ngoma: mistari miwili, na mbele kabisa shangazi yake. Shangazi ni mimi, Nabintu. Yvette ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu siku tulipopokelewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kabazana, tukiwa na sufuria moja. Sasa Olga, mama yake mdogo, anadai nimezeeka, aongoze yeye.

Nikashuka chini kabisa kumwonyesha wanawake wa Bukavu wanavyoshuka. Nikageuka. Mguu wa kushoto haukugeuka. Pia ya goti ikaenda pembeni, ikarudi yenyewe, na ndani kitu kikalia. Nikasema nimeumwa na siafu. Olga akacheka.

Jumatano, 4 Juni

Goti limevimba kama papai. Nikaenda Mbarara. Daktari Rahmah amekulia Makenke, kambi ya jeshi, Kiswahili chake ni cha kutoa amri. Akaanza na goti zima. Nikamwambia amekosea mguu. Akasema lazima kwanza ajue goti langu likiwa zima linakaaje. Kisha akavuta la kushoto: mfupa wa chini ukaja mbele kama droo. Akaisukuma pia ya goti pembeni kwa kidole gumba, nikamkamata mkono bila kujijua. Akasema woga huo ndio aliokuwa anautafuta, ndio dalili ya pia iliyolegea.

Picha zikathibitisha. Majeraha mawili: kano ya ndani imekatika, na nyuzi zinazoishika pia ya goti zimechanika. Nikapendekeza tugawane kazi: atibu pia sasa, kano baada ya arusi. Akakataa. Ukitengeneza moja ukaacha nyingine, goti litaponyoka tena. Zote mbili pamoja, kwa upasuaji. Kwa sasa magongo, mazoezi ya paja, na mkanda wenye vyuma pembeni.

Nikauliza kuhusu kucheza.

"Mama, wewe hapana cheza. Goti nakataa."

Goti ni la nani, lake au langu?

Jumamosi, 7 Juni

Nimepata akili. Akichechemea mmoja, ni mgonjwa. Wakichechemea wote, ni mtindo. Nimewafundisha hatua mpya: kanyaga kulia, buruta kushoto, tulia kidogo. Nimesema ndiyo inayochezwa Bukavu sasa. Sheria ni moja, anachofanya wa mbele wote wafanye, bila maswali.

Olga alisema inafanana na ugonjwa. Kisha akaishika upesi kuliko wote. Anachechemea vizuri kuliko mimi, na hilo limeniuma kuliko goti.

Jumamosi, 14 Juni

Arusi! Mkanda ulitokeza chini ya kitenge cha sare. Olga akauliza kwa sauti kama nimeficha jerikani. Nikauvua, nikautupa nyuma ya mlango.

Tukaingia. Tukaburuta. Mama wa bwana arusi alimnong'oneza mchungaji akiuliza kama ugonjwa huu uko katika ukoo mzima. Sikujali. Katikati ya ukumbi nikageuka, pia ikatoka, nikaanguka kifudifudi.

Nyuma yangu wote wakaanguka. Mistari yote miwili! Na bibi arusi na gauni lake jeupe. Olga alisita, akatazama kulia na kushoto, akalala naye. Ukumbi ukasimama, vigelegele vikapigwa hadi mpiga kinanda akapoteza mdundo.

Yvette akatambaa hadi kwangu. "Shangazi, sasa tunaamuka namna gani?"

Nikalia. Maumivu yalikuwa mengi, lakini nililia kwa furaha, maana nimemfikisha mwenyewe. Olga ndiye aliyeninyanyua. Alinishika vizuri, siwezi kukana.

Jumatatu, 16 Juni

Wodini, Mbarara. Daktari Rahmah ameona video kwenye simu. Ameuliza kati ya wale wote, mgonjwa ni yupi. Kisha akanigombeza hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba msamaha kwa niaba yangu. Upasuaji ni Alhamisi, pia na kano pamoja. Baada ya hapo, miezi ya mazoezi. Nimeitikia kila neno.

Mchana kapiga simu Constance wa Kaberebere. Anamwoza binti yake Agosti, anataka hatua yetu, na kule kuanguka kusikosekane. Anasema Olga amejitolea kuongoza.

Olga!

Nimekubali mimi. Safari hii tutaangukia upande wa kulia. Hilo goti bado zima.